Mgeni wa Chuma Nyumbani kwa Kiponda

Marehemu Kiponda Nguma hakuwahi kupanda ndege, na safari yake ya mbali kuliko zote ilikuwa ya kuvuka mpaka wa Lungalunga kwenda kumzika shangazi yake Tanga. Lakini waombolezaji waliofika nyumbani kwake Mwandoni, Kisauni, mwaka jana, walikuta sebuleni panga tatu za Kijapani zimelazwa juu ya rafu. Kando ya kabati la vyombo ilisimama dirii ya askari wa kale wa nchi hiyo, pamoja na chapeo yake, kama mtu anayengoja kuonyeshwa kiti. Watu walinong'onezana. Mmoja alisema mzee alikuwa baharia. Mwingine alisema aliwahi kuoa huko. Hakuna kati ya hayo lililokuwa kweli.

Vitu hivyo vilimpa Kiponda furaha nyingi, na vikamletea balaa moja. Dirii ile nusura imkoseshe kaka yake mkubwa, tena katika mwezi ambao binti yake wa pekee alikuwa anaposwa.

Kiponda alikuwa mpakuzi wa makontena Changamwe, katika yadi ya mama mmoja wa Kiswahili aliyeitwa Bi Rahima. Mama huyo aliagiza vitu vilivyotumika kutoka Japani: baiskeli, vikombe, makabati, cherehani. Nyumba ya mtu huko ikifungwa, kila kilichomo hubebwa na kusukumwa ndani ya kontena, na mwisho wake huwa ni mikono ya akina Kiponda. Wapakuzi wengine walitoa vitu wakavipanga. Kiponda alitoa kitu akakigeuza, akatazama chini yake, akanusa.

"Kiponda wee!" Bi Rahima aliita siku moja.

"Naam, Bi Rahima."

"Hebu njoo. Nyuma ya kabati hili pana mti umefungwa kitambaa. Angalia usije ukawa na nyoka."

Kiponda akaufungua. Ulikuwa mti mweupe, laini, umechongwa kwa mpindo mdogo, na alipouvuta ukaachana pawili. Ndani yake mlikuwa na chuma.

"Haya, panga," akasema Bi Rahima, akarudi kivulini kwake. "Tena limepinda. Wallahi, hawa watu! Nenda nalo ukachinjie mbuzi Krismasi."

Kiponda alikuwa ameinamisha pua. "Bi Rahima, upanga huu unanuka karafuu."

"Basi mwenyewe alikuwa mla pilau."

Wenzake wakacheka, naye akacheka. Lakini alipofika nyumbani harufu ile ilikuwa bado imemkaa kichwani. Upanga wa Mjapani, na karafuu, wapi na wapi? Alimpelekea muuza viungo wa soko la Kongowea kitambaa alichofutia chuma kile. Muuza viungo akanusa, akafumba macho, akasema ni karafuu kweli, lakini imetiwa ndani ya mafuta mengine mepesi, na aliyeyapaka hakuwa na haja ya kunukia. Jawabu hilo lilimchochea zaidi. Kama si kwa kunukia, ni kwa nini?

Alikuja kujua baadaye, bintiye Linda alipoanza kazi na kumnunulia simu yenye intaneti. Humo Kiponda alimwona mzee wa Kijapani amepiga magoti mbele ya upanga, anaufuta kwa karatasi, kisha anaupaka mafuta kidogo sana ili usishike kutu. Mafuta yale yalikuwa na karafuu. Kiponda hakuelewa hata neno moja la yule mzee, ila aliitazama mikono yake jioni baada ya jioni mpaka Jumwa, mkewe, akamwuliza kama yule ni mchungaji mpya.

Ni katika kumtazama mzee yule ndipo alipojua kosa lake.

Kabla ya simu ile, Kiponda alikuwa amefanya jambo moja kwa haraka, na huenda ndilo pekee maishani mwake. Aligundua kwamba mpini wa upanga umeshikwa na kijiti cha mwanzi. Alikigonga kikatoka, mpini ukavulika kama soksi. Chini yake palikuwa na shina la chuma, jeusi kwa kutu, lina michoro kama makucha ya kuku. Kiponda alilelewa katika kanisa ambalo kila Jumamosi ya kuamkia Pasaka vijana huisugua kengele na vinara kwa ndimu, majivu na mchanga, na kitu kisichong'aa huhesabiwa kwamba hakikuheshimiwa. Basi akafanya heshima. Alisugua shina lile mpaka likawa jeupe kama kijiko kipya, na michoro ikafifia. Jumwa alimsifu.

Sasa alimwona mzee wa kwenye simu anafika kwenye shina jeusi la upanga wake, na hapo mkono wake unasimama. Haugusi kutu. Analinyanyua shina karibu na kioo kama mama anayemwonyesha daktari alama ya mtoto. Linda akamsomea maelezo yaliyoandikwa chini kwa Kiingereza: pale ndipo mfua chuma alipochora jina lake, na weusi wa ile kutu ndio unaoonyesha umri.

Kiponda akaizima simu. "Mama Linda," alisema, "nimemfuta mtu jina."

Jumwa alidhani anatania. Alipoona hatanii, akasema, "Mungu analijua." Kiponda alisema ni kweli, Mungu analijua, lakini yeye sasa halijui, na angependa kulijua.

Tangu hapo hakufuta kitu kabla ya kukikalia na kukitazama. Kila alama aliiuliza: wewe ni uchafu, au ni habari? Panga mbili zaidi alizipata hivyo kwa Bi Rahima, na moja alikaa nayo mwaka mzima kabla ya kuipaka chochote.

Kisha ikaja dirii. Ilikuwa ndani ya sanduku la mbao lililojazwa vikombe, vipande vipande vya chuma cheusi vilivyoshonwa pamoja kwa kamba bapa za hariri, na nusu ya kamba hizo zilikuwa zimeoza. Kulikuwa na kifua na mgongo, mikono, mapaja, na barakoa ya uso yenye masharubu na meno. Bi Rahima alipoiona barakoa alirudi nyuma hatua kadhaa.

"Subhanallah! Toa! Kiponda, kama wataka chukua, kama hutaki katupe jalalani Makupa."

"Haina kofia, Bi Rahima."

"Kofia?" Mama akafikiri. "Ngoja. Lile sufuria lenye mkia. Lilitoka mapema, ndani ya shehena hii hii. Nilimpa Kazungu wa Mtopanga, alitaka chombo cha kuku."

Kiponda akaenda Mtopanga kwa Kazungu, na kweli, chapeo ilikuwa imepinduliwa pembeni mwa banda, imejazwa majani makavu, na kuku mwekundu amelalia mayai ndani yake.

"Nitakupa beseni jipya," Kiponda alimwambia.

"Beseni utampa kuku? Umwulize kwanza kama atahama," akasema Kazungu. "Huyu akisumbuliwa hayaangalii tena mayai. Kaa ungoje."

"Mpaka lini?"

"Mpaka watoke. Wewe si mzazi? Hujui mambo haya?"

Kwa hiyo akangoja. Kila Jumapili baada ya ibada alipita Mtopanga kumjulia hali kuku. Akazoeana na Kazungu, wakawa marafiki mpaka kufa. Vifaranga walipototolewa, Kazungu aliikung'uta chapeo ikadondosha manyoya na maganda, akaikabidhi kwa mikono miwili kama sadaka.

Kazi ya kuirudishia dirii kamba zake ilimshinda Kiponda kwa miezi. Vipande vilikuwa na matundu mengi mno, na kila alipopitisha kamba, safu ilikaa upande. Kamba zenyewe zilipatikana: katika marobota ya nguo za kike za Kijapani mna mikanda myembamba ya hariri wanayofungia viuno, na Bi Rahima hakujua pa kuiuza. Lakini njia ya kamba ndiyo iliyomchanganya. Siku moja Jumwa, aliyekuwa amekaa mkekani anasuka ukili wa mkeka mwingine, akachoka kumsikia akiguna.

"Nipe," akasema.

Akaishika safu ya zamani iliyokuwa bado nzima, akaifuata kwa kidole kama anavyofuata majani ya miyaa katika ukili. "Unaanza katikati. Hawa walianzia pembeni. Tena unavuta kamba ikiwa imelala, ndiyo maana inakutoka." Akasogea mlangoni kwenye mwanga. "Baba Linda, walioshona hapa ni watu wawili."

"Umejuaje?"

"Safu hizi zote zimevutwa na mkono wa kulia. Hii ya chini hapa imevutwa na kushoto. Tazama zinavyolala. Mama yangu alikuwa wa kushoto, ukili wake nilikuwa naujua hata gizani."

Kiponda alimtazama mkewe kana kwamba ndio kwanza anamposa. Kuanzia hapo kazi ikawa ya wote wawili. Yeye alisafisha chuma, Jumwa akapitisha kamba, na kwa vile safu ya mkono wa kushoto ilikuwa nzima, waliiacha kama ilivyo. Waliimaliza karibu na Kwaresima, wakaisimamisha juu ya kigogo sebuleni.

Wakati huo huo Linda aliletewa posa. Kijana aliitwa Gedion, Mkamba, karani bandarini, na wazee wake walikuwa waje kutoka Machakos baada ya Pasaka. Kwa desturi ya Wagiriama baba hapokei wakwe peke yake. Kaka yake mkubwa ndiye hukaa kiti cha mbele na kufungua mazungumzo, na asipokuwepo wageni huuliza kuna nini, na mara nyingine huondoka bila kunena lililowaleta. Kiponda alikuwa na kaka mmoja tu, Mweri, mzee wa kanisa huko Kaloleni.

Mweri alikuja kupanga mambo. Alivua kofia, akavuka kizingiti, akaona. Akatoka tena akasimama barazani.

"Kiponda. Nani amesimama pale?"

"Si mtu, kaka. Ni dirii. Ya Japani, ya zamani."

"Nimekuuliza nani."

Kiponda alielewa mara moja. Babu yao Nguma alipofariki, zamani kabla ukoo haujabatizwa, alichongewa kigango, ule mti wa mhuhu ambao Wagiriama huusimamisha penye mji kwa ajili ya mzee mkubwa. Kigango si pambo, wala si sanamu ya kuabudu. Ni mzee mwenyewe amewekewa mahali pa kusimama kati ya watu wake. Mweri alipokuwa kijana ndiye aliyepeleka mbuzi malishoni asubuhi akakuta pale kigango kiliposimama pana shimo na nyayo za viatu. Watu walikuja kuambiwa baadaye kwamba vigango vingi viliuzwa ng'ambo na vimesimama katika nyumba za matajiri, vimemulikwa taa.

"Mimi ni mtu wa kanisa," Mweri alisema pale barazani, "na babu simwombi kitu. Lakini babu ni babu. Kila nikikumbuka kwamba mtu asiyemjua anakunywa kahawa mbele yake, silali. Sasa nakuja kwa ndugu yangu, nakuta babu wa watu amesimama kando ya sufuria."

"Kaka, hii si kigango."

"Umejuaje? Uliuliza? Yule aliyemchukua babu, unadhani aliuliza?"

Kiponda akamsogezea kiti.

"Sitaketi chumba kimoja na maiti ya watu," Mweri akasema. "Wakwe wakija, mimi nitakuwa kwangu. Shauri lako." Akavaa kofia akaenda zake bila hata kunywa maji, na Linda akaingia chumbani kulia.

Njia rahisi ilikuwapo. Kazungu alijitolea kuificha dirii bandani mpaka wakwe waondoke. Bi Rahima alishauri itupwe, kama alivyoshauri tangu mwanzo. Lakini Kiponda alikuwa Kiponda, na swali likishamwingia halikutoka kwa kufichwa. Kama Mweri alisema kweli, kuihamishia bandani ni wizi ule ule, ila sasa umeongezewa kuku. Na kama hakusema kweli, basi ni kitu gani? Alimwomba Mungu amfunulie. Alitafuta kwenye simu, Linda akamsomea huku macho yamevimba, na majibu yakazidi kumtia hofu: dirii nyingine ziliwekwa katika nyumba za ibada, nyingine zilirithiwa kutoka kwa wafu hadi kwa walio hai kwa vizazi. Alikaa mbele ya barakoa ile yenye masharubu akaitazama kama anayehoji shahidi. Pasaka ikapita.

Aliyefumbua fumbo ni Jumwa, tena hakuwa na nia hiyo. Alikuwa anasafisha nyumba kwa ajili ya wageni, na akaona si vizuri wakwe wakute kitu kina bitana chafu. Akaifungua dirii ubavuni, akaigeuza, akaweka ndoo ya maji ya sabuni karibu.

"Mama Linda! Usifue!"

"Sijagusa. Njoo uone kwanza. Hizi kamba za ubavuni, mbona hazifanani na zile za begani?"

Wakainama wote wawili. Kamba za ubavu wa kulia, zinazofunga kifua na mgongo pamoja, zilikuwa zimeunganishwa na nyingine kuziongezea urefu. Palikuwa na alama ya fundo la zamani, hariri imepauka pale lilipokaa. Nje ya alama hiyo, upana wa vidole vitatu hivi, palikuwa na fundo la pili. Na kamba ya tatu, ndefu zaidi, ilikuwa imeungwa mwishoni. Bitana ya shingoni ilikuwa na doa la manjano lililokolea, na ndani ya chapeo, chini ya kinyesi kikavu cha kuku, doa kama hilo.

Jumwa alianza kucheka. Alicheka mpaka akaketi chini.

"Nini?"

"Huyu mwanamume alinenepa," akasema. "Kwanza alifunga hapa. Kisha tumbo likaja, wakaongeza. Likaja tena, wakaongeza tena! Na aliyeongeza ni yule yule wa mkono wa kushoto. Tazama fundo. Mkewe huyo, hakuna mwingine. Nani mwingine angehangaika na tumbo la mtu?"

Kiponda alipapasa fundo la kwanza, la pili, la tatu. Kisha akampigia simu kaka yake akamwambia aje tu, hata kama ni kukaa nje.

Mweri alikuja siku moja kabla ya wakwe. Alikataa kuingia. Akawekewa kiti barazani, na Jumwa akamletea dirii mikononi kama mtoto.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

"Shemeji, uliwahi kuona kigango kikanenepa?"

Mweri alikunja uso, asijue kama anatukanwa. Jumwa akapiga magoti akamwonyesha: fundo, fundo, na fundo. Akamwonyesha doa la jasho shingoni. Mweri alitoa miwani mfukoni. Alivuta kamba, akaiachia, akaivuta tena. Akanusa bitana kama alivyonusa Kiponda vitu vyote maishani mwake, na hapo ndipo mtu angejua kwamba hawa wawili ni wa mama mmoja.

"Jasho," akasema.

"Jasho, kaka."

"Kigango hakitoi jasho." Akairudisha bitana mahali pake. "Lakini maneno ni maneno tu. Kama ni nguo, ivae nikuone."

Kiponda alishtuka. Tangu aipate hakuwahi kuivaa. Aliona ni kujipa cheo kisicho chake.

"Waogopa?" Mweri akauliza. "Mtu huogopa nguo? Basi na mimi niogope pamoja nawe."

Kiponda akasimama uani, akanyanyua mikono, na Jumwa akamvisha. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mfupi na mpana, na Kiponda alikuwa mrefu na mkavu kama mlingoti. Dirii ilimwishia mbavuni, na ubavuni palibaki nafasi ya kutosha kuku na mayai yake. Jumwa alizivuta kamba zote, akarudi mpaka alama ya fundo la kwanza kabisa, la ujana wa yule bwana, na bado ikalegea. Chapeo ikamkaa juu ya utosi kama kifuniko cha chungu. Jirani wa kike alichungulia juu ya ua, akaita wenzake. Jua lilikuwa kali, chuma kikapata moto, na doa jipya likaanza kutota chini ya lile la zamani.

"Geuka," akasema Mweri.

Akageuka, akisikika kama kabati la vijiko.

Mweri alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Mabega yalimtikisika. Alijaribu kukaza uso wa mzee wa kanisa, ukamponyoka, akacheka kicheko ambacho Kiponda hakuwa amekisikia tangu utotoni Kaloleni. "Mungu nisamehe," alisema akifuta machozi. "Nilimwogopa bwana mwenye kitambi!"

Kisha akainuka, akavua kofia, akavuka kizingiti bila kutazama kando, akakalia kiti cha mbele.

"Linda!"

"Abee, baba mkubwa!"

"Lete kiti cha baba yako. Tuzungumze habari za hawa Wakamba. Wanakuja wangapi, na mwenye maneno kwao ni nani?"

Kiponda alitaka avuliwe kwanza, lakini fundo la Jumwa lilikuwa limekaza, na Mweri hakutaka kungoja. Akaingia vivyo hivyo. Hakuweza kuinama, kwa hiyo akaketi kwenye ncha ya kiti, mgongo umenyooka, jasho linamtiririka masikioni, akimjibu kaka yake swali moja baada ya jingine.